Mgeni Katika Kitanda cha Nibakie

Nianze na nyinyi wabishi. Najua mpo, na mwenyekiti wenu ni Mhando, kakaa pale kwenye sinia la mihogo anajifanya anamenya. Nitakayoyasema leo ni kweli tupu. Atakayebisha achukue msumeno wake, aende akapasue mvule jike aliyezeeka, halafu arudi anionyeshe meno ya msumeno yaliyobaki. Mimi nipo, siendi popote. Shule niliiacha darasa la tano, sikatai, lakini mpaka leo mwalimu wangu akinikuta njiani husimama kunisikiliza, na bado hajanishinda kwa jambo lolote.

Haya. Ngano ni mzigo wa watu wengi, sitaubeba peke yangu. Nikisema "Ngano," nyinyi mnasema "Itue."

Ngano.

Itue.

Niitue wapi?

Itue hapa, tumekaa.

Mhando hakuitikia, nimemwona. Na wewe Mama Rukia, mtoto uliyempakata ananung'unika, nimesikia umemwambia anyamaze watu wasikilize. Ahsante. Tuendelee.

Hapo kale, kale ile ambayo babu za babu zenu walikuwa bado hawajapewa majina, miti ilisema na wanyama walisema, na hakuna aliyemkatiza mwenzake. Katika msitu mmoja juu ya kilima aliishi mvule jike. Wote walimwita Bi Mvule. Alikuwa mrefu, mrefu hasa. Ukitaka kumwona kilele, kofia inadondoka.

Bi Mvule alijaliwa uzazi. Kila msimu alizaa matunda ya kijani, marefu, manono kama viwavi. Na kila msimu, jua likishuka, Popo alikuja na ukoo wake wote. Wakala. Wakashiba. Wakaondoka na mbegu, wakaenda kuzidondosha mbali, ng'ambo ya mto, chini ya miti ya watu wengine.

Msimu wa kwanza wakaondoka nazo. Msimu wa pili wakaondoka nazo. Msimu wa tatu wakaondoka nazo.

Bi Mvule alikuwa na watoto wengi kuliko mtu yeyote wa msitu ule, na hakuwahi kumwona hata mmoja. Wenzake walikuwa na watoto miguuni. Mkuyu alikuwa nao, Msasa alikuwa nao mpaka wanamsumbua. Wakikaa kuzungumza, huyu wangu kaanza kutoa majani, huyu wangu mtundu, Bi Mvule hutazama ng'ambo ya mto.

Basi Popo alipokuja tena, akamwambia, "Popo mwanangu, kula ushibe. Lakini safari hii niachie mmoja."

Popo akaacha kutafuna. Akamwambia, "Mama, watoto wako hawajambo huko. Wamejibanza katikati ya watoto wa wenzako, kwenye vivuli, hakuna anayewatambua. Ukimweka mmoja hapa mlangoni pako, kila anayekujua wewe atamjua na yeye."

"Na mimi je?" Bi Mvule akasema. "Mimi nitamjua lini?"

Jibu la hilo nani angekuwa nalo? Mhando, unalo? Menya mihogo. Popo akadondosha mbegu moja pale pale, miguuni pa mama yake, akaenda zake.

Mvua ikanyesha. Mbegu ikapasuka. Kikatoka kijiti chenye majani mawili, laini kama sikio la sungura.

Bi Mvule akampa mtoto jina. Akamwita Nibakie.

Sasa kumwona alimwona, lakini vichaka vilimziba. Mara jani la huyu, mara tawi la yule. Bi Mvule akamwita Nguruwe, akamwomba afukue vichaka vyote vilivyomzunguka mtoto. Nguruwe kazi hiyo hulipwa hata asipolipwa. Akafukua mbele, akafukua nyuma, akafukua pande zote. Nibakie akabaki peke yake katikati ya uwanja, jua lote lake, na mama yake anamwona kuanzia kidole cha mguu hadi utosini.

Mama akawa anamwimbia. Nanyi mtaimba, mstari wenu ni "kaa nami nikuone." Nitamjua asiyeimba.

Nibakie, Nibakie,
kaa nami nikuone.
Wenzio wote wamekwenda,
kaa nami nikuone.
Jua lote nimekupa,
kaa nami nikuone.

Mama Rukia unaimba vizuri, kumbe. Mhando anaimba kama mlango usiotiwa mafuta.

Basi wakakaa hivyo, mama na mwana. Mpaka asubuhi moja akaja mgeni.

Mgeni mwenyewe alikuwa kidudu kidogo, mdogo kuliko punje ya mtama, mabawa yake unaona upande wa pili. Alikuwa jike, na alikuwa na mimba. Akatua kwenye gome la Bi Mvule, akahema, akasema, "Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Keti."

"Sikai, mama. Siku zangu zimefika. Naomba jani moja nijifungulie. Jani laini, mama, maana wanangu hawana meno."

Sasa nyinyi mnajua desturi yetu, na desturi ya msitu ule ilikuwa hiyo hiyo. Mjamzito akikubishia hodi, humuulizi anatoka wapi. Na mgeni akija, halali chini. Hupewa kitanda cha mtoto, na mtoto husogezwa. Sote tumelelewa hivyo. Nani hapa hajasogezwa kitandani kwa sababu shangazi kaja? Mimi nilisogezwa mpaka nikafika jikoni.

Bi Mvule akamwambia, "Majani yangu mimi yamekomaa, yatawaumiza wanao. Tazama pale chini. Yule ni mwanangu Nibakie. Majani yake ni laini. Nenda kwake, atakusogea."

Kidudu akashukuru. Akashuka. Akalichagua jani changa kabisa, lile la utosini, akaweka mayai yake. Na Nibakie akasogea.

Hakuwa mwizi, kidudu yule. Msimchukie bado. Aliomba, akapewa.

Siku zikapita. Lile jani la utosini likajikunja. Likavimba. Likawa kivimbe cha mviringo, cha kijani, kinang'aa, mfano wa choroko mbichi. Kikatokea cha pili. Kikatokea cha tatu.

Ndege wa kwanza kuviona alikuwa Hondohondo. Mnamjua, mdomo mkubwa kuliko kichwa, na sauti kubwa kuliko mdomo. Habari ikimfikia Hondohondo asubuhi, adhuhuri imevuka mto. Akamzunguka Nibakie, akamtazama kwa jicho hili, akamtazama kwa jicho lile, akasema, "Bi Mvule, hongera. Mtoto kanawiri. Tazama mashavu hayo."

Bi Mvule akafurahi mpaka majani yakachezacheza. Maana mtoto wa Mkuyu alikuwa mwembamba kama ufito, na wa Msasa vilevile. Wa kwake tu ndiye aliyekuwa na mashavu.

Akaja Kigogota, yule ndege fundi anayegonga magome. Kigogota si msemaji. Akaweka sikio kwenye kivimbe cha kwanza, akasikiliza. Akaweka sikio kwenye cha pili, akasikiliza. Cha tatu, akasikiliza. Kisha akapanda kwa mama mtu, akasema, "Mama, humo ndani kuna mtu ananyonya. Ni vitatu tu. Nipe ruhusa nivitoboe sasa hivi. Ataumia kidogo, kesho atasahau."

Bi Mvule akamuuliza kama amepata wazimu. Wale ni wageni, wamelazwa na yeye mwenyewe. Tangu lini mgeni akachomwa kwa mdomo akiwa kitandani? Na huyo mtoto, baada ya kutobolewa, makovu atampelekea nani?

Kigogota akasema, "Haya mama," akaruka akaenda.

Basi vile vivimbe vitatu vikapasuka vyenyewe, siku ambayo hakuna aliyekuwa akitazama. Wakatoka wadudu, wengi, wakaruka. Vivimbe vikabaki vitupu, vikatoa maji ya kunata, vikaoza, vikawa vyeusi. Utosi wa Nibakie ukakauka, ukaanguka.

Bi Mvule akashtuka. Lakini baada ya siku chache, chini ya pale palipokauka, Nibakie akatoa machipukizi mawili. Mama akasema, "Kumbe. Alikuwa na kichwa kimoja, sasa anavyo viwili. Ndiyo kukua huko." Akamwimbia.

Nibakie, Nibakie,
kaa nami nikuone.

Wale waliotoka wakakua, wakapata mimba. Wakarudi. Na safari hii hawakupiga hodi, maana wewe hupigi hodi ulipozaliwa.

Yale machipukizi mawili yakavimba. Si vitatu tena. Kila jani kivimbe, kila kikonyo kivimbe, vimebanana mpaka kijiti chenyewe hakionekani. Nibakie akainama kwa uzito. Hakuongezeka urefu. Watoto wa Mkuyu wakampita, wa Msasa wakampita, wembamba vilevile.

Hondohondo akaja, akaangalia, akapiga ukelele uliofika mtoni. Akasema hayo si mashavu tena. Hayo ni matunda. Mtoto hajafika goti la swala, na ameshazaa. Jambo hilo halijawahi kuonekana, na kama halijawahi kuonekana basi lazima liliwe.

Kwa watu wa msitu ule, tunda la kwanza la mtoto lilikuwa na karamu yake. Mama hualika jirani wote, mkubwa wao huchuma moja, huliuma mbele za watu, husema "tamu," hata likiwa chachu. Bi Mvule, ambaye miaka yote alizitazama karamu za wenzake kutoka mbali, sasa karamu ilikuwa yake. Akaalika. Hondohondo akapeleka habari bila kutumwa.

Siku moja kabla ya karamu, Kigogota akarudi. Akamwambia, "Mama, nimesikiliza. Wamejaa. Kuvitoboa sasa hakutoshi. Nipe ruhusa nimkate vichwa vyote viwili, hapa chini, penye ngozi safi. Atabaki kisiki, lakini kisiki kizima. Atachipua."

Bi Mvule akamjibu kwa maneno ambayo sitayarudia, kuna watoto hapa. Kwa ufupi, alimwambia wivu umemjaa. Kesho watu wanakuja kumtazama mwanawe, yeye anataka wamkute kisiki.

Kigogota akasema, "Haya mama," akaruka akaenda.

Karamu ikafika. Akaja Nguruwe, wakaja kima na mama zao, wakaja ndege wa kila rangi. Wakaimba wimbo wa Nibakie, wote, na Bi Mvule akasimama juu yao kama mwenye msitu. Hondohondo, kwa kuwa alijifanya mkubwa wao, akajongea, akachuma lile nono kuliko yote, akafunga macho, akaliuma.

Likapasuka. Wadudu wakajaa mdomoni, wakamtoka puani, wakamwingia machoni. Akatema, akapenga, akarudi kinyumenyume mpaka akamkalia Nguruwe.

Watu walicheka, jamani. Cheka na wewe, Mhando, nimekuruhusu. Kima mmoja alianguka chini kwa kucheka.

Kisha na vingine vikapasuka. Hiki, na hiki, na kile. Wadudu wakapanda juu kama moshi. Na mtoto akabaki pale katikati ya uwanja, ameteguka teguka, anavuja maji ya kunata, na majani hana.

Kicheko kikakatika. Wageni wakaanza kukumbuka shughuli zao. Nguruwe akasema ana mahali anatakiwa. Mama za kima wakabeba watoto wao, wakawafunika nyuso. Hondohondo, yule wa hongera, alikuwa wa kwanza kuondoka, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake aliondoka bila sauti.

Bi Mvule na mwanawe wakabaki wawili.

Mvua zikaja, na Nibakie akajitahidi. Akatoa chipukizi moja, chini kabisa, karibu na udongo. Jembamba, la kijani hafifu. Na wale wadudu wakarudi, maana kwao ni pale, na katika uwanja ule mtupu hapakuwa na jani jingine la kuwapoteza.

Bi Mvule sasa alijua. Akapiga kelele waondoke. Akawaambia kitanda si chao. Wakamjibu kwa adabu, "Mama, tumezaliwa hapa. Bibi yetu alituambia ni wewe uliyemwonyesha." Na hilo lilikuwa kweli.

Akatikisa matawi, awapepee waondoke. Upepo wake haukufika chini. Akajaribu kumtupia mwanawe kivuli, lakini yeye kivuli chake chote kiliangukia upande wa pili, mbali. Akajaribu kuinama. Mvule hajui kuinama. Alijaribu mpaka mizizi ikalia.

Akamwita Kigogota. Safari hii alimwita yeye. Kigogota akaja siku hiyo hiyo, hakumkumbusha lolote. Bi Mvule akamwambia, "Mwanangu, nimekosa. Kata upendavyo. Toboa upendavyo."

Kigogota akashuka, akasikiliza. Akazunguka kile kijiti kidogo, akasikiliza tena. Akapanda, akamwambia, "Mama, mara ya kwanza ningetoa vivimbe nikaacha mtoto. Mara ya pili ningekata mtoto nusu nikaacha nusu. Sasa nikikata vivimbe, sina nitakachokuachia."

Chipukizi lile likawa jeusi kuanzia juu. Ule weusi ukashuka. Ukafika kwenye kisiki. Ukafika kwenye udongo.

Mbele ya macho yake. Alimpata wa kumwona, akamwona mpaka mwisho.

Bi Mvule hakulia kwa sauti. Gome lake likapasuka, yakatoka maziwa meupe, ya mtoto ambaye hayupo kuyanywa. Yakashuka shinani, yakakauka. Na uchungu wenyewe akaumeza. Ukashuka tumboni, ukakaa humo, ukaganda, ukawa jiwe.

Msimu wa matunda ukafika. Jua lilipokuwa linashuka, Popo akaja na ukoo wake. Akakiona kile kijiti cheusi pale chini, akaning'inia tawini. Hakusema nilikwambia. Popo ana adabu kuliko watu wengi niwajuao.

Bi Mvule akamwambia, "Kula mwanangu. Kisha wachukue wote. Wapeleke mbali, uwafiche katika watoto wa wenzangu. Usiniambie umewapeleka wapi."

Na akawaimbia, wote kwa pamoja. Mstari wenu safari hii ni mwingine.

Nendeni, nendeni,
kaeni nisiwaone.
Kwenye kivuli cha wenzangu,
kaeni nisiwaone.
Mtu asijue ni wangu,
kaeni nisiwaone.

Popo akawachukua. Na mpaka leo, ukienda msituni, mtoto wa mvule utamkuta mbali na mama yake, kajificha kati ya miti isiyo ya kabila lake. Na ukimpasua mvule jike aliyezeeka, msumeno unakwenda vizuri, unakwenda vizuri, mara unagonga jiwe, katikati ya mbao, na meno yanang'oka. Waulizeni wapasua mbao. Wao wanalaani msumeno. Hawajui wamegonga nini.

Funzo ni hili. Si kila aliyevimba ameshiba. Ukimwona mtoto wako ananenepa na watu wanakupigia makofi, mshike kwanza, umtazame ndani. Na anayekuja kukuambia jambo baya la mwanao likiwa bado dogo, mkaribishe kiti. Mwenye hongera utampata tu.

Ngano yangu nimeitua. Aliye na mabega aibebe, asiye nayo aivuke, mimi mikono yangu mitupu.

Kaeni kwanza. Mhando, kaa. Kuna kipande nimekiruka.

Nimekiruka kwa makusudi, kwa sababu mimi huwa nasimulia vizuri mpaka nikifika hapo, halafu sauti inanifanyia utoto. Lakini Mama Rukia, tangu nianze mtoto wako ananung'unika, na kila mara unamwambia anyamaze watu wanasikiliza. Watu tumeshasikiliza. Sasa msikilize yeye.

Nimewasimulia kana kwamba Nibakie hakuwa na mdomo. Miti ilisema, niliwaambia wenyewe. Alisema.

Kivimbe cha kwanza kilipoota, alisema, "Mama, panauma." Mama yake akamwambia, "Nyamaza mwanangu, wageni watakusikia. Huko ndiko kukua."

Asubuhi ya karamu alisema, "Mama, panauma." Mama yake akamwambia, "Nyamaza mwanangu, watu wanakuja."

Na ile siku ya mwisho, Kigogota alipokwisha kuondoka, mama akauliza yeye mwenyewe. Akamwambia, "Nibakie, sasa nakusikiliza. Niambie panauma wapi."

Nibakie akasema, "Sasa hapaumi, mama."